Kambi ya Musonoi na Wazee Wake

Karibu na mji wa Kolwezi, katika nchi ya shaba, iko kambi ya Musonoi. Ilijengwa na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya watu wa mgodini. Waliochora ramani yake walifikiri mengi: njia zilizonyooka, nyumba za kufanana, shule, mahali pa kugawia posho. Jambo moja hawakulitia katika ramani, nalo ni uzee.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka wa 1906. Hapo kwanza iliajiri wanaume kwa miezi michache tu, kisha wakarudi kwao, kama hawakufa au kutoroka. Tangu mwaka wa 1928 hivi ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kumpokea mtu pamoja na mkewe. Mke alipata posho yake. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akafundishwa shuleni na wamisionari, akakua na kuingia kazini kama baba yake. Basi watu wakasema kampuni ndiyo baba na mama. Lakini baba huyo alikuwa na sheria ngumu: aliyemaliza kazi aliiacha nyumba. Mwaka wa 1956 serikali ilitoa sheria ya pensheni. Ilikuwa msaada, ila fedha si nyumba. Mzee alitazamiwa arudi kijijini, hata kama watoto wake hawakupata kukiona kijiji hicho.

Mwaka wa 1953 Padri Placide Tempels, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alikuwa Ruwe, hapo Kolwezi. Kati yake na wafanyakazi na wake zao ilizaliwa Jamaa, ikafika Musonoi pia. Mume na mke waliingia pamoja. Waliitana baba na mama, si kwa cheo cha kazini wala kwa kabila, bali kwa kuwa walizaana katika imani. Mimi naona hapo ndipo kambi ilipoanza kuwa kwao. Majina yale ambayo kampuni ilijitwalia, majirani waliyachukua wakapeana wenyewe. Matata hayakukosekana, wengine walipotoka wakaitwa Katete, na maaskofu wakaonya. Baba Placide alirudi Ulaya mwaka wa 1962, akafa mwaka wa 1977.

Serikali ya Kongo ilitwaa migodi mwaka wa 1967, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Mwaka wa 1986 ilitoa shaba tani zaidi ya 470,000. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na kufika mwaka wa 1994 shaba haikufika tani 50,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka wa 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, hata waliozaliwa hapo. Tena miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mara moja, kwa fedha za Benki ya Dunia.

Sasa mtu aliyemaliza kazi hakuondoka. Angekwenda wapi? Katika kambi za Gécamines nyumba iliyopimwa kwa mume, mke na watoto wadogo ikaanza kuota vyumba. Mwana alioa akajenga uani. Binti mjane alirudi na watoto wake. Chumba cha mbele kikapangishwa, au kikawa duka la unga na makaa. Ramani ya zamani ingali inaonekana katika njia zile zilizonyooka, lakini ndani ya kila ua ni wajukuu walioipanga upya.

Siku hizi shaba na kobalti zinatafutwa tena kwa nguvu, na mashimo yamefika kandokando ya makazi ya Musonoi. Katika mtaa wa Cité Gécamines, mjini Kolwezi, familia zimekwisha kuhamishwa kwa ajili ya mgodi. Wengine walilalamika kwamba fidia haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha, iliyokuwa na maji, umeme, na vyumba vya watoto uani.