Ghala ya Malindi na Habari za Bara

Mtu aendaye Adu kutoka Malindi, akiisha kuuvuka mto Sabaki na kushika njia ya kaskazini, hupita katika nchi ya vichaka ambayo mvua zake si za kuaminika, na huenda asidhani kwamba zamani si nyingi zilizopita bandari za Arabuni zilikuwa zikitazamia nafaka ya pwani hii na bara yake, na kwamba riziki ya mji mzima ilisimama juu ya swali moja: je, mwaka huu huko ndani kuna kiasi gani?

Malindi ilikuwa magofu tangu Sheikh wake alipohamia Mombasa katika miaka ya 1590, hata mnamo 1861 Seyyid Majid bin Said wa Unguja alipopeleka askari wa Kibuluchi kuihuisha. Haukupita muda mrefu ila mashamba ya mtama na ufuta yalitanda kandokando ya mji. Walioyalima walikuwa watumwa, na haijuzu kuisifu neema ile bila ya kuitaja dhuluma iliyoizaa. Pamoja na mashamba hayo walikuwako Wagiriama, waliolima kwa mikono yao wenyewe, na ambao katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 walivuka Sabaki wakaifungua ardhi ya kaskazini, wakawa wakiteremsha nafaka Malindi na Mambrui.

Ugumu wa biashara hiyo ulikuwa katika wakati. Jahazi zilikwenda Arabuni kwa kusi, lakini kusi ikishika nguvu, mwezi wa Juni na Julai, bahari haisafiriki. Basi nahodha aliyekosa shehena yake kabla pepo hazijageuka hulazimika kungoja mwaka wa pili, na mtama uliokwisha kununuliwa hubaki ghalani ukiliwa na fukusi. Kwa hiyo tajiri wa Kihindi au wa Kiarabu alitoa mali kauli, yaani nguo na bidhaa nyingine kwa ahadi ya kulipwa nafaka wakati wa mavuno, akaandika katika daftari yake deni la kila mtu. Na daftari ile, ukiitazama vyema, ilikuwa ndiyo hesabu ya nafaka ambayo bado i shambani.

Mkulima naye alikuwa na hesabu yake, iliyo juu ya kichwa chake. Nafaka iliwekwa katika uchaga juu ya meko, moshi wa kila siku ukaikausha na kuwafukuza wadudu, na mwenye nyumba akiinua macho hujua ni miezi mingapi imesalia kabla ya mvua. Ziada ndiyo iliyokwenda sokoni, ikapimwa kwa pishi ya vibaba vinne, na hapo palikuwa na hila ya kale: kibaba cha tele, kilichofurika kwa kilele, si sawa na kibaba cha mfuto kilichosawazishwa kwa mkono, na mnunuzi asiye mwaminifu alipokea kwa tele akatoa kwa mfuto. Ndiyo sababu watu wa bara na wa mjini walichanjiana wakawa ndugu, kwani ndugu wa chale humpa mwenziwe malazi na habari za kweli za bei.

Lakini habari hazikugawanywa sawa. Mnamo 1879 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari uliunganisha Unguja na Aden, na tangu hapo tajiri mkubwa aliweza kujua bei ya ng'ambo upesi, hali mkulima wa nyuma ya Sabaki alitegemea miguu ya wapita njia. Mimi naona hapo ndipo mizani ilipoinama, zaidi kuliko katika kibaba.

Njaa iliyoitwa Magunia, mwishoni mwa miaka ya 1890, iliigeuza njia nzima: nchi iliyotoa nafaka ikapokea chakula kilicholetwa katika magunia. Kisha likaja la 1914. Serikali ya Kiingereza, iliyotaka Wagiriama wawe vibarua wa wengine, iliwaamuru walio kaskazini ya Sabaki wahame. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alikuwa amekwisha kuwaapisha watu wasitii tangu 1913. Kaya, yaani mji wao mtakatifu, ilivunjwa kwa baruti, nyumba zikachomwa pamoja na chaga zake, na watu wakatozwa faini ya rupia 100,000. Maofisa wale walihesabu vichwa vya watu wa kazi, wasihesabu nafaka ambayo watu hao walikuwa wakiiteremsha pwani. Baadaye serikali ile ile iliwaruhusu kurudi ng'ambo ya kaskazini, na ruhusa hiyo ni ungamo kwamba amri ya kwanza ilikuwa batili.