Nani Aliyekusudiwa Kuwa Mtunzi? Historia ya Violesura vya Uandishi wa Muziki na Nafasi ya Nyimbo za Kisukuma Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa kwaya anayeketi mbele ya kompyuta mjini Bariadi na kufungua programu ya MuseScore ili aandike wimbo mpya hukutana na maswali kabla hajaandika nota hata moja. Ataulizwa wimbo ni wa ala au sauti zipi, uko katika ufunguo gani, una mapigo mangapi katika kila kipimo, na mwendo wake una kasi gani. Maneno ya wimbo hayaulizwi. Yataingia baadaye, silabi moja chini ya nota moja, baada ya nota kuwapo. Kwa mtu aliyefundishwa muziki kwa vitabu vya Ulaya, utaratibu huu hauna ajabu yoyote. Kwa mtu aliyelelewa katika nyimbo za Wasukuma, ambamo maneno ndiyo yanayouzaa mwendo wa sauti, utaratibu huo umeanzia mwisho.

Insha hii inafuatilia historia ya violesura vya uandishi wa muziki hadi vilipofika katika mazingira ya aina hiyo. Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: skrini, menyu, vitufe na mpangilio wa hatua anazopaswa kupitia. Hata hivyo mjadala huu unaanza kabla ya kompyuta, kwa kuwa hati ya muziki nayo ni kiolesura kati ya mtunzi na waimbaji wake. Hoja inayotetewa ni kwamba kila mara njia ya kuandika muziki iliposanifiwa upya, wasanifu waliamua, hata pasipo kusema, nani ahesabiwe kuwa mtunzi na kipi kitangulie katika kutunga. Maamuzi hayo yamechangia kuamua ni nyimbo zipi za Simiyu ziingie katika maandishi na zipi zibaki nje yake.

2.0 Utunzi Usukumani kabla ya karatasi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zimo katika upande wa mashariki wa nchi ya Wasukuma, na wakazi wake wengi ni wakulima wa pamba na nafaka na wafugaji wa ng'ombe. Mkoa ni mpya, bali utunzi wa nyimbo katika eneo hili ni wa kale.

Msukuma hamtenganishi mtunzi na kiongozi wa ngoma. Manju, ambaye pia huitwa ningi, hutunga, huongoza, na hubeba lawama wimbo usipopendwa. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi huvihusisha na waganga mahasimu Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi kadhaa katika msimu wa baada ya mavuno. Mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Katika uwanja wa namna hiyo, wimbo usiosikika maneno yake hauwezi kushinda, hata kama sauti ni nzuri. Kazi za shamba nazo zilikuwa na nyimbo zake. Katika bugobogobo, majembe hupanda na kushuka kwa pamoja, na mwendo wa wimbo ni mwendo wa mkono wa mkulima.

Lugha yenyewe inaongeza sharti jingine. Kisukuma ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Irvine Richardson alilichambua jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, na wanaisimu waliomfuata wameonesha kwamba toni ya juu ya Kisukuma mara nyingi husikika silabi kadhaa mbele ya mahali ilipoanzia. Kwa hiyo mtunzi wa Kisukuma anapochagua maneno, amekwisha kuchagua kwa kiasi fulani umbo la sauti. Manju hahitaji kuambiwa kanuni hii. Ulimi wake unaijua.

Nyimbo hizi zilihifadhiwa kwa kumbukumbu. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, aliunasa na muziki wa Wasukuma. Baadaye Frank Gunderson alichapisha, mwaka 2010, mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma pamoja na maelezo yake. Juhudi hizo ni za thamani, ila katika zote mwandishi ni mtu mwingine. Manju anarekodiwa na anaandikwa. Yeye mwenyewe haandiki.

3.0 Solfa: kiolesura cha herufi na nukta

Usanifu upya wa kwanza unaotuhusu ulifanyika Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alibuni namna ya kufundisha uimbaji kwa herufi na kuichapisha mwaka 1835. John Curwen, mchungaji aliyetafuta njia rahisi ya kufundisha nyimbo katika shule za Jumapili, aliichukua mwaka 1841, akaiboresha, na kuisambaza kwa jina la Tonic Sol-fa. Badala ya mistari mitano na vichwa vya nota, ukurasa wa Curwen una herufi d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha hutenga pigo na pigo, nukta moja hulikata pigo nusu, na kistari huirefusha sauti iliyotangulia.

Umuhimu wa mfumo huu ni wa kiufundi na wa kijamii kwa pamoja. Mchapaji yeyote mwenye herufi za kawaida aliweza kuuchapa, na baadaye mashine ya taipu ilitosha. Mwimbaji hakuhitaji kinanda. Alihitaji kuijua do tu. Curwen alibadili kiolesura, na kwa kufanya hivyo akaongeza idadi ya watu walioweza kusoma na kuandika muziki. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897 kwa maandishi ya solfa wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia "Mungu Ibariki Afrika". Wimbo wa taifa letu ni zao la kiolesura hicho.

Lakini solfa nayo ilikuwa na picha yake ya mtunzi. Ilimdhania mtu mwenye ngazi ya sauti saba za Ulaya, mapigo yanayogawanyika sawasawa, na wimbo wa beti kadhaa zinazoimbwa kwa sauti ileile. Tatizo lilijitokeza hapo. Tenzi za Ulaya zilipotafsiriwa kwa lugha za toni, ubeti wa kwanza ungeweza kulandana na sauti, wa pili ukapingana nayo, na neno likasikika kama neno jingine au lisieleweke.

Maeneo ya Simiyu yalikuwa ndani ya historia hii mapema. Misheni ya Nassa, kando ya Ghuba ya Speke katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Busega, ilipokewa na Africa Inland Mission mwaka 1909 kutoka kwa Church Missionary Society. Upande wa Wakatoliki, Maswa iliwekwa kuwa makao ya vikarieti mwaka 1950, na jimbo lililotokana nayo likaitwa Shinyanga mwaka 1956. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, lugha na muziki wa wenyeji vilipata nafasi ya wazi katika ibada. Mwaka huohuo padre Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akidai muziki huo upewe hadhi yake. Kuanzia hapo mwalimu wa kwaya wa Kiafrika alikuwa mtunzi anayetambuliwa. Hata hivyo ili utunzi wake ufike parokia nyingine ulipaswa kupitia solfa au mistari mitano.

4.0 Kompyuta na mpangilio wa hatua

Programu za kuandika muziki zilirithi hati iliyokuwapo. Leland Smith, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitengeneza programu ya SCORE, ambayo katika miaka ya 1980 ilifika kwenye kompyuta ndogo. Mtumiaji wake aliandika kwa herufi: kwanza vimo vya sauti vyote, kisha urefu wa nota, kisha alama nyingine. Finale ilitoka mwaka 1988, na Sibelius, iliyoundwa na ndugu mapacha Ben na Jonathan Finn wa Uingereza, ilitoka mwaka 1993. Hizi mbili zilionesha ukurasa wa muziki kwenye skrini kama utakavyochapwa. Zilileta wepesi mkubwa, lakini ziliuzwa kwa mamia ya dola, bei isiyolingana na mfuko wa kwaya ya kijijini.

Mwaka 2002 Werner Schweer, mtaalamu wa programu kutoka Ujerumani, aliitenga sehemu ya uandishi wa nota kutoka katika programu yake ya MusE, ikawa MuseScore. Ilikuwa programu huria, isiyolipiwa, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2011. Kwa Afrika Mashariki huo ulikuwa mlango mpya. Mwalimu mwenye kompyuta ya kawaida sasa angeweza kutoa nakala safi ya sauti nne na kuituma kwa kwaya nyingine kupitia simu.

5.0 Usanifu upya wa MuseScore

Kuondoka kwa bei hakukuondoa ugumu. Mwaka 2019 Martin Keary, mtunzi na msanifu wa violesura anayejulikana kwa jina la Tantacrul, alitoa video iliyoikosoa MuseScore kwa kina: menyu zenye mpangilio usioeleweka, vidirisha vingi, na hatua nyingi kwa jambo dogo. Wenye programu hawakununa. Walimwalika aongoze usanifu wake. Toleo la 3.6 la Januari 2021 lilileta fonti mpya ya muziki iliyoitwa Leland, kwa heshima ya Leland Smith. Toleo la 4.0 la Desemba 2022 lilikuwa na kiolesura kilichojengwa upya.

Usanifu huo ulimfaa mwalimu wa kwaya kwa kweli. Nafasi kati ya nota na maneno ilipangika vizuri zaidi, na vitu vinavyohitajika mara kwa mara vikawa karibu. Badiliko jingine lenye uzito kwa hoja yetu lilikuja mwaka 2025, katika toleo la 4.5. Hapo awali mtumiaji alichagua urefu wa nota kwanza, kisha kimo chake. Toleo hilo liliongeza njia ambayo kimo huchaguliwa kwanza na urefu hufuata. Kwa namna fulani, mpangilio wa SCORE ulirudi. Jambo hili linathibitisha kwamba utaratibu wa hatua si sheria ya muziki; ni uamuzi wa msanifu, na waweza kubadilishwa.

Hata hivyo mambo mawili yalibaki. Programu inaweza kuonesha jina la solfa ndani ya kichwa cha nota, lakini ukurasa wa Curwen wenye herufi, nukta na nukta pacha hautoki kwa amri moja, ilhali waimbaji wengi wa Afrika Mashariki husoma ukurasa huo. Pili, maneno bado hufuata nota. Mtunzi mwenye beti za Kisukuma kichwani hana mahali pa kuziandika kwanza, aweke alama za toni, kisha atafute sauti inayozitii.

6.0 Njia ya studio

Wapo watunzi walioipita hati kabisa. FruityLoops, iliyoundwa na Didier Dambrin wa kampuni ya Ubelgiji ya Image-Line mwaka 1997 na kuitwa FL Studio tangu 2003, haimdai mtumiaji mistari mitano. Humpa visanduku vya mapigo na gridi ya kupangia sauti. Programu za aina hii zimetumika sana katika bongofleva na singeli, na kiolesura chake humkaribisha kijana asiyejua nota. Hata hapa kuna dhana iliyojificha: gridi hugawanya muda kwa vipande sawa, na kinanda chake kina vimo kumi na viwili vilivyokwisha kupangwa. Zaidi ya hayo, kinachotoka ni rekodi. Kwaya ya Itilima haiwezi kuisoma na kuiimba kwa sauti nne kama inavyosoma nakala ya solfa.

7.0 Hitimisho

Historia hii inatuonesha watunzi watatu waliogawanywa na violesura vyao: manju mwenye maneno na kumbukumbu, mwalimu wa kwaya mwenye nota, na kijana wa studio mwenye gridi. Mara nyingi wanaimba lugha moja, pengine hata hadithi moja, lakini kazi ya mmoja haiingii kwa urahisi mikononi mwa mwingine. Manju anapofariki, nyimbo ambazo hakuna aliyezirekodi hubaki kwa wale waliozikariri, na idadi yao hupungua.

Curwen alionesha kwamba kiolesura kikishushwa hadi kwenye herufi zinazojulikana, watunzi huongezeka. Usanifu wa MuseScore umeonesha kwamba programu kubwa inaweza kukosolewa na kujengwa upya, na kwa kuwa ni huria, kazi hiyo haijafungwa kwa wenye mtaji pekee. Idara za muziki na za isimu katika vyuo vikuu vyetu zina ujuzi unaohitajika. Wanaisimu wanazijua toni za Kisukuma, wanamuziki wanaijua solfa, na wanafunzi wa kompyuta wanaweza kuandika programu ya nyongeza inayoanza na maneno, kupokea alama za toni, kuonya pale sauti inapopingana nazo, na kutoa ukurasa wa solfa. Kazi hiyo ingefaa ianze na beti chache za manju aliye hai, zikiandikwa kwa jina lake kama mtunzi.