Samaki Wageni na Joto la Maji

Ukisimama alfajiri kando ya mto Sosiani, mjini Eldoret, ukatia mkono majini, utautoa upesi. Maji hayo yametoka katika miinuko ya Kaptagat, na mji wenyewe umejengwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kadiri ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwako wewe baridi hiyo ni taabu ya kunawa uso tu. Kwa samaki ni jambo kubwa zaidi, kwa kuwa samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, damu yake nayo hupoa, na maji yakipata joto, naye hupata joto. Kwa joto hilo hupimwa njaa yake, wepesi wake wa kuogelea, na hata siku atakayotaga mayai.

Nataka nikusimulie, msomaji, habari za samaki walioletwa katika nchi yetu kutoka mbali, kila mmoja akiwa amezoea kalenda ya kwao, na mambo yaliyotokea walipokosa kalenda hiyo hapa ikweta.

Mmoja wao ni samaki wa Marekani ya Kaskazini mwenye kinywa kipana, ambaye nitamwita besi, nisije nikaandika jina lake kama linavyotamkwa ukadhani nasema habari za magari ya abiria. Katika nchi yake maziwa mengi huganda wakati wa baridi, na besi hukaa kilindini bila kula sana. Kisha jua hurudi. Kamusi zetu huyaita majira hayo majira ya kuchipua, nasi tumelikubali jina hilo ingawa hatujayaona, kwa maana tunayoyajua sisi ni masika, vuli, kipupwe na kiangazi. Maji ya kando hutangulia kupata joto. Yakipita digrii 15 au 16 za Sentigredi, dume huja mahali penye kina kifupi, akafagia matope kwa mkia wake mpaka apate sakafu safi ya changarawe, mfano wa sahani. Jike hutaga humo, kisha huenda zake. Dume ndiye abakiaye kuyalinda mayai, akiyapepea kwa mapezi ili yapate hewa. Maji yakiwa na kadiri ya digrii 20, mayai huanguliwa kwa siku tatu au nne. Lakini baridi ikirudi ghafula, mara nyingi dume huliacha tundu lake, na mayai huota ukungu yakafa.

Mvuvi wa Marekani ajuaye kazi yake huchukua kipimajoto pamoja na ndoano. Anajua kwamba siku chache kabla ya kutaga, besi hula kwa pupa. Tena anajua kwamba dume aliye juu ya tundu hukiuma kila kitu kinachomkaribia, hata kama hana njaa. Ni rahisi sana kumnasa wakati huo. Akiisha kuondolewa, samaki wengine huyavamia mayai mara moja. Kwa sababu hiyo mahali pengi huko sheria hufunga uvuvi kwa majuma kadhaa, nayo ni sheria ya busara, maana majira yao yanajulikana.

Hapa petu kalenda hiyo haipo. Tofauti ya joto kati ya Januari na Julai mjini Eldoret ni ndogo kuliko tofauti ya asubuhi na adhuhuri ya siku moja. Badala yake tunayo milima. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6, na maji ya mito huifuata. Jiulize mtu afanye nini akitaka kutoka nchi ya baridi aende nchi ya joto. Ulaya angengoja miezi sita. Mwenyeji wa Iten, aliye kwenye mita 2,400 au kupita, hushuka kwa miguu ukingo wa Elgeyo, na kabla ya jua kutua yumo katika bonde la Kerio, penye migunga, vumbi na jasho. Majira yetu yamepangwa juu ya mteremko, moja juu ya jingine kama vidato vya ngazi.

Walowezi wa Kizungu walilifahamu jambo hili mapema, ingawa walilitumia kwa faida yao wenyewe. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskochi, na samaki wake wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Usiidharau kazi hiyo. Mayai ya trauti hutaka baridi, na njia ya meli hupita katika bahari ya joto. Walipojaribu kuyapeleka Tasmania katika karne ya 19, safari za kwanza zilishindwa kwa sababu barafu iliyeyuka njiani. Ni mwaka 1864 tu mayai yalipofika yangali hai, yamehifadhiwa kwa kuvumwani na barafu. Mwaka 1910 wakaja Kenya trauti wa aina ya pili, wenye rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika ya Kusini. Mayai ya hawa, katika maji ya digrii 10, huchukua mwezi mmoja hivi kuanguliwa, na katika maji ya baridi zaidi hukaa miezi miwili na kupita. Mnamo 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuangulia trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, kinacholishwa na maji ya Mlima Kenya.

Huku kwetu Makaburu walifika uwandani mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, nchi ikakatwa mashamba yenye namba, na mji ukaota juu ya shamba namba 64, hata leo wazee huuita Sisibo. Reli ilifika 1924. Mlowezi aliyetaka kuvua trauti hakuwatafuta Sosiani chini ya mji. Alipanda Cherangani, ambako vilele hupita mita 3,000, na vijito hutoka msituni vikiwa baridi na vyenye hewa tele. Hapa kuna siri nyingine ya maji: kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika hewa anayovuta samaki. Trauti aliyeshuka sana mtoni huanza kuhema kama mtu aliyefungiwa chumbani. Wenyeji wa nchi hii, Wanandi, Wakeiyo na wengineo, walikuwa wafugaji na wakulima, na wengi wao hawakumhesabu samaki kuwa chakula. Mito ikajazwa samaki wasioombwa na wenye nchi, kwa ajili ya burudani ya wageni.

Besi waliletwa katika ziwa Naivasha mwaka 1929, na baadaye wakaongezwa tena. Tilapia walikuwa wametangulia kutiwa ziwani 1925. Naivasha iko chini kidogo kuliko Eldoret, karibu mita 1,890, na maji yake huwa kwenye digrii 20 au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sasa fikiri: samaki aliyezoea kungoja maji yapite digrii 16 ametiwa katika ziwa lisiloshuka chini ya kipimo hicho. Mlango uliokuwa ukifunguliwa mara moja kwa mwaka umeachwa wazi. Besi hawakungoja Aprili ya Marekani. Walitaga walipopata nafasi, na katika miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo ile sheria ya kufunga uvuvi kwa majuma machache, iliyo njema kwao, ingewalinda wachache tu hapa. Jambo la kuangaliwa likawa kimo cha maji. Naivasha hujaa na kupungua sana, na tundu lililochimbwa pwani penye kina cha goti huachwa kavu ziwa likirudi nyuma. Uvuvi wa nyavu wa biashara ulipoanza 1959, riziki ya wavuvi wa Naivasha ilifungamana na kupanda na kushuka huko.

Hasara ilimpata mwingine. Ziwani humo aliishi samaki mdogo, hazidi urefu wa kidole, ambaye hakuwa na kwao pengine duniani. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Besi ndiye anayeshukiwa zaidi kuwa amemla akammaliza, na mimi naona shaka hiyo ina haki. Kamba wa Louisiana waliotiwa 1970 wakawa chakula kikubwa cha besi. Wakala pia majani ya majini. Kisha mwaka 2001 akaonekana kapu, samaki afukuaye matope. Besi huwinda kwa macho, na tundu lake hutaka sakafu safi, basi maji machafu humdhuru mara mbili. Baadaye kapu ndiye aliyejaza nyavu za Naivasha.

Watu wengi hukomea hapo, wakadhani habari ya samaki na majira ni habari ya wageni tu. Turudi Sosiani. Mto huu huingia Kipkaren, na Kipkaren huingia Nzoia, ambayo humwaga maji yake katika ziwa Viktoria. Katika Nzoia ya chini kuna samaki wa asili ambaye Wajaluo humwita ningu. Yeye hangoji joto, maana joto la huko halibadiliki sana, hungoja mafuriko. Mvua ikinyesha huku juu, Uasin Gishu na Cherangani, mto hujaa na kugeuka rangi, na ningu waliokomaa hutoka ziwani kwa makundi, wakapanda mto wakataga kwenye maji mapya yaliyofunika majani ya ukingoni. Wenyeji wa kule walijua dalili hiyo tangu kale, wakatega nyua za matete na migono, sehemu kubwa wakiwanasa samaki wanaporudi, wamekwisha kutaga.

Mwaka 1905, mwaka uleule wa mayai ya Grogan, nyavu mpya za kunasa samaki kwa matamvua zilianza kutumika upande wa Kenya wa ziwa Viktoria. Ndani ya miaka michache zilienea. Zilitegwa ziwani na midomoni mwa mito, zikawakamata ningu wakipanda, matumbo yakiwa yamejaa mayai. Ilipofika miaka ya 1960, uvuvi wa ningu katika Nzoia ulikuwa umeanguka, na ufundi wa nyua na migono ukapotea pamoja nao, maana nani atasuka mgono wa samaki asiyekuja? Huko milimani trauti wa kigeni walijengewa kituo, wakaanguliwa kwa kipimajoto, wakasafirishwa kwa uangalifu.

Masika yakianza mjini Eldoret, Sosiani hujaa usiku mmoja na kuwa mwekundu. Maji hayo bado hushuka mpaka Budalang'i, na ningu wachache waliosalia bado huyasikia.