Mfuko wa Sufu Uliodariziwa: Historia ya Sindano ya Warabari wa Kachi

Neno kudarizi, ambalo katika Kiswahili hutumika kwa kazi ya kutia nakshi kwenye kitambaa kwa sindano na uzi, lina jamaa yake Bara Hindi, ambako mshona nguo huitwa darzi. Maneno yote mawili yanarudi kwenye neno la Kiajemi darz, lenye maana ya mshono. Udugu huu hauwezi kumshangaza ajuaye jinsi majahazi ya Mandvi na Mundra, bandari za Kachi, yalivyokuwa yakija Unguja na Mombasa kwa pepo za kaskazi. Hata hivyo, majahazi hayo yalichukua bidhaa za wafanyabiashara. Nyuma ya bandari, katika nchi kavu ya Kachi, ilikuwako kazi nyingine ya sindano ambayo haikukusudiwa soko, nayo ni ile ya wanawake wa Kirabari.

Warabari ni wafugaji wa ngamia, kondoo na mbuzi. Masimulizi yao wenyewe yanaeleza kwamba walihamia Kachi kutoka pande za Rajasthan. Sufu ya kondoo wao ilisokotwa na wanawake, ikafumwa na mafundi wa jamii ya Vankar, na aghalabu ikatiwa rangi na Wakhatri. Hivyo kitambaa kilikuwa kimekwisha kupita katika mikono ya jamii tatu kabla ya mwanamke wa Kirabari kukirudia na sindano yake.

Mfuko uliodariziwa ulikuwa sehemu ya mali ambayo bibi arusi alikwenda nayo kwa mumewe. Gunia kubwa la kutilia nguo zake liliitwa kothalo, na pamoja nalo ilikuwako mifuko midogo ya kila namna. Mdarizi alianza kwa kuchora umbo kwa mshono wa mnyororo, kisha akalipamba kwa vioo vidogo vya duara, vya mraba, vya pembetatu na vya umbo la mdomo wa ndege, na baadaye akalijaza kwa mishono mingine ya rangi kali. Ngamia, nge, hekalu na mwanamke achotaye maji ni baadhi ya maumbo yaliyozoeleka. Aliyejua kuyasoma mambo hayo aliweza kutambua iwapo mwenye mfuko alikuwa Mdhebaria, Mvagadia au Mrabari wa kundi jingine, kama vile msikilizaji hodari atambuavyo lahaja ya msemaji kwa maneno machache.

Lakini pambo hilo lilikuwa na gharama yake. Kadiri idadi ya vitu vilivyotakiwa ilivyoongezeka, ndivyo msichana alivyochelewa kuhamia kwa mumewe, maana hakuweza kuondoka kwa baba yake mpaka kazi iishe. Miaka ilipita, na wakwe walilalamika. Mwaka 1995 wazee wa Wadhebaria walikata shauri: wakapiga marufuku udarizi wa mkono kwa matumizi ya jamii yenyewe. Kazi ya kuuza haikukatazwa. Ikawa mwanamke aweza kumdarizia mgeni mfuko ambao yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuwa nao.

Wapenzi wa sanaa za jadi waliliona jambo hili kuwa kifo cha desturi. Hukumu hiyo yafaa ipimwe kwa yale yaliyofuata. Wanawake wa Kidhebaria walichukua utepe na mapambo yaliyotengenezwa viwandani, wakayashona kwa cherehani juu ya nguo na mifuko yao, wakiupanga utepe huo kwa mizani ya rangi waliyoirithi. Kazi hiyo waliiita hari jari. Haikuvunja amri, kwa kuwa haikuwa udarizi wa mkono. Nayo haikumzuia msichana kuolewa, kwa kuwa iliisha upesi. Baadaye mifuko ya hari jari nayo iliingia sokoni, ikauzwa hata nje ya Bara Hindi.

Tofauti kati ya wazee, wanunuzi na wadarizi ni dhahiri hapa. Wazee walikuwa na mamlaka ya kukataza, na wanunuzi walikuwa na fedha za kuendeleza mtindo wa zamani. Ila ujuzi wa kuamua rangi ipi ikae kando ya ipi ulibaki kwa wanawake, na huo haukuweza kukatazwa wala kununuliwa kwa urahisi. Mwanaisimu atakumbuka lugha zilizofungiwa milango ya shule na ofisi, zikabadili msamiati huku zikishika muundo wake.

Kwa sababu hiyo, mfuko wa sufu uliomo katika sanduku la makumbusho hauelezeki kwa kutajiwa jina la nchi na aina ya mishono pekee. Inampasa mtafiti aulize pia ni kundi lipi lililoushona, kabla ya mwaka 1995 au baada yake, na iwapo aliyeushona aliruhusiwa kuutumia.