Katarina wa Siena na Njaa ya Ukamilifu



Kila tarehe 29 Aprili Kanisa humkumbuka Mtakatifu Katarina wa Siena. Katika mafundisho tunasimulia jinsi alivyokwenda Avignon mwaka 1376 kumsihi Papa Gregori XI arudi Roma, na jinsi Papa Paulo VI alivyomtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970. Jambo moja tunalipita haraka: Katarina alikufa akiwa na miaka 33 tu, na kwa muda mrefu kabla ya hapo mwili wake ulikuwa umekataa chakula. Leo napenda tusimame kidogo mahali hapo, kwa maana habari hiyo inawagusa baadhi yenu, hasa wale ambao walimu tunawasifu kuliko wengine.

Katarina alizaliwa mwaka 1347, binti wa mtia rangi nguo, katika nyumba yenye watoto zaidi ya ishirini. Alipokuwa na miaka kumi na mitano hivi, dada yake Bonaventura alifariki katika kujifungua. Dada huyo ndiye aliyemfundisha kujipamba. Sasa Katarina akajilaumu vikali, akakata nywele zake, akakataa kuozwa. Padri Raimondo wa Capua, muungamishi wake aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba aliacha nyama, akabaki na mkate, mboga mbichi na maji. Baadaye hata mkate ukamshinda. Chakula kilipoingia tumboni kilimtesa, naye akajilazimisha kukitapika. Watu wakagawanyika: wengine waliona muujiza, wengine wakanong’ona kwamba ni hila za shetani. Yeye mwenyewe, akimjibu kwa barua mtu mmoja wa dini aliyemshuku, alisema kwamba hujilazimisha kula mara moja au mbili kwa siku, na kwamba amemwomba Mungu amjalie kuishi kama viumbe wengine.

Ipo barua nyingine ambayo hunigusa zaidi. Aliiandika kwa Daniella wa Orvieto, mtawa mwenye bidii kubwa ya toba. Alimfundisha kwamba toba ni chombo cha kazi, wala haifai kufanywa msingi. Mwili ukiwa dhaifu au mgonjwa, aache kufunga, ale hata nyama. Na mlo mmoja usipotosha, ale mara nne. Katarina aliijua njia ya huruma, akamwonyesha mwenzake, lakini mwenyewe hakuweza kuipita. Mwanzoni mwa mwaka 1380, akiumizwa na mfarakano uliolipasua Kanisa tangu 1378, aliacha kwa muda hata kunywa maji. Mwezi wa nne akafa.

Je, ulikuwa utakatifu au ugonjwa? Wanahistoria wamebishana. Rudolph Bell, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alilinganisha hali yake na ugonjwa wa siku zetu uitwao anoreksia. Caroline Walker Bynum, mwaka 1987, alionya kwamba wanawake wa zama zile walikuwa na maana yao wenyewe ya kufunga na ya kula, na tusiwavishe nguo za leo. Mimi si mganga, na marehemu wa karne ya 14 hapimwi. Lakini mtu aweza kuwa mtakatifu na pia mgonjwa. Utakatifu wake hauugeuzi ugonjwa kuwa fadhila.

Ugonjwa wenyewe ulipewa jina baadaye sana. Mwaka 1873 waganga wawili waliueleza: William Gull huko London na Charles Lasègue huko Paris. Gull alishangaa kuona wasichana waliobaki mifupa wakitembea huku na huku bila kutulia, kana kwamba hawajui uchovu. Lasègue aliona jinsi jamaa wanavyobembeleza, kisha wanavyotisha, na mgonjwa anavyojibu kwamba yu mzima.

Miaka mia moja baadaye, Hilde Bruch, mganga aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, aliwasikiliza wagonjwa hao kwa muda mrefu. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 aliwafananisha na ndege katika kizimba cha dhahabu. Wengi wao walikuwa watoto wema: watiifu, hodari wa masomo, fahari ya wazazi. Ndani yao waliogopa daima kwamba hawatoshi. Mwili ukawa mahali pa kujipatia alama kamili: leo nimekula kidogo kuliko jana, basi nimeshinda. Waganga wa leo wanasema kwamba kutaka ukamilifu si chanzo pekee, maana hata urithi wa damu umo. Lakini ni mlango mmojawapo. Nao ni ugonjwa unaoua, na wavulana pia huupata.

Kwetu, ambako wengi hulala njaa kwa kukosa, anayeiacha sahani iliyojaa haeleweki upesi. Tunasema anaringa, au anafunga kwa ibada. Mimi mwalimu nakiri kosa letu: darasani tunamwita pembeni aliyeshindwa mtihani, tukamuuliza ana shida gani. Aliyeshika nafasi ya kwanza tunampigia makofi, wala hatumuulizi kama amekula.

Basi, wewe unayejipima kila usiku na kujiona umepungukiwa, usiupe woga huo jina la kufunga. Sheria ya Kanisa haimdai mfungo asiyetimiza miaka 18, wala mgonjwa. Mwambie mama, sista, au mwalimu unayemwamini, na mwende pamoja kwa mganga. Nanyi wenzake, mkimwona anakonda na kukimbia meza, msimcheke wala msimsifu kwa wembamba wake. Kaeni naye, na mumpashe habari mtu mzima.

Injili ya Marko yasimulia binti Yairo, mwenye miaka kumi na miwili, aliyeinuliwa kutoka mautini. Watu wote walipigwa na bumbuazi. Yesu ndiye aliyekumbuka kuagiza kwamba mtoto apewe chakula.