Mathenge: Mgeni Aliyeagizwa Tana

Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, chombo kilichokaa sana majini kilingojewa kipwelewe. Mabaharia walikwangua magamba yaliyoganda chini hadi kwenye mkuku, kisha wakapaka shahamu ya chokaa na mafuta ya wanyama. Magamba yale ni viumbe hai, na vyombo vimewahamisha kutoka bahari moja hadi nyingine kwa karne nyingi. Aina moja ya Australia na New Zealand ilionekana kusini mwa Uingereza katika miaka ya 1940, imefika kwa meli. Hakuna aliyeiagiza.

Mgeni anayeisumbua zaidi Kaunti ya Tana River aliagizwa.

Mathenge, mti ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka 1973 mbegu zililetwa Kenya kutoka Brazil na Hawaii, zikapandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kufunika mashimo ya machimbo ya saruji. Mti ukashika juu ya mwamba wa matumbawe uliokauka, mahali ambapo miti mingi ingeshindwa. Sifa zake zikaenea.

Baadaye Bura, kando ya Mto Tana, ikaja kutafuta mti wa namna hiyo. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi mkubwa wa umwagiliaji, na walowezi wa kwanza wakafika mwaka 1981 kulima pamba. Zilipangwa hekta 6,700. Zilizolimwa hazikufika nusu. Hata hivyo maelfu ya watu walikuwa wamewekwa katikati ya nyika, na kila jiko lilitaka kuni. Kuni za karibu zilikuwa kwenye msitu mwembamba wa kando ya mto, na msitu wa Tana ndio makao pekee duniani ya mbega mwekundu wa Tana. Hofu ya kuumaliza ilikuwa ya haki kabisa. Ndiyo maana yakapandwa mashamba ya kuni, na kuanzia mwaka 1984 Finland ikagharimia utafiti wa miti ya kufaa. Mathenge ulikuwa miongoni mwa iliyostawi vizuri.

Waliopanda hawakuwa na nia mbaya. Kosa lao lilikuwa kuupima mti kwa kasi ya kukua tu, wasiulize utakwenda wapi siku ambayo hakuna wa kuuangalia.

Siku hiyo haikuchelewa. Pampu ziliharibika mara kwa mara, mifereji ikakauka, mashamba yakaachwa. Mathenge haukukauka, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji mbali chini ya ardhi. Maganda yake ni matamu, na mbuzi na ng'ombe huyala kwa pupa wakati nyasi zimekwisha. Mbegu ina gamba gumu. Hupita tumboni salama na kuangushwa pamoja na samadi, tayari ina mbolea yake. Wafugaji wa Orma na Wardei huteremsha mifugo kuelekea delta kila kiangazi, wakipita Garsen kutafuta malisho. Jahazi lilibeba magamba chini ya mkuku. Ng'ombe alibeba mathenge tumboni. Mto nao huchukua maganda kila unapofurika.

Ulipoota, ulifunga. Vichaka vyake ni vya miiba inayotoboa matairi na nyayo, na chini yake nyasi hazioti. Kwa mfugaji, malka, yaani njia ya mifugo kufikia maji, ikizibwa ni kama kisima kimefukiwa. Kwa mkulima wa Kipokomo, shamba likilala msimu mmoja au miwili, kulifungua tena ni kazi ya shoka na moto.

Malalamiko yalisikika sana kutoka Baringo, ambako mti huo ulipandwa pia miaka ya 1980. Mwaka 2006 Wailchamus wa huko waliishtaki serikali, na katika kesi hiyo wakapeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno, yameng'oka kwa sukari ya maganda ya mathenge. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mti huo kuwa gugu haribifu.

Sheria ya magugu humtwika mwenye ardhi au anayeikalia jukumu la kuyang'oa. Kwa hiyo mzigo umemwangukia mchungaji wa Garsen na mkulima wa Hola, watu ambao hawakuagiza mbegu hata moja. Deni hili ni la serikali na wafadhili walioleta mti huu, na wao ndio wanaopaswa kulilipa, wakianzia kingo za mto na njia za malka.