Utambuzi wa silaha za kale katika filamu

Utambuzi wa silaha za kale katika filamu ni kazi ya kubaini asili halisi ya bunduki au bastola inayoonyeshwa kama ya zamani. Nyingi ni nakala mpya, hasa kutoka Gardone Val Trompia, Italia, ambako kampuni ya Uberti ilianzishwa mwaka 1959. Mihuri ya upimaji iliyogongwa kwenye chuma humaliza ubishi, ila kamera huionyesha kwa nadra mno.

Hivyo mtambuzi huangalia zaidi namna silaha inavyojazwa na baruti yake inavyowashwa. Gumegume ina jiwe na kisahani cha baruti. Bunduki ya fataki haina. Hollywood ya zamani ilipachika mitambo bandia ya gumegume kwenye bunduki za Springfield za karne ya 19, na kifuniko cha kujazia risasi nyuma ya mtutu ndicho kinachoziumbua.

Mfano maarufu wa silaha isiyolingana na wakati wa kisa ni The Good, the Bad and the Ugly (1966) ya Sergio Leone. Kisa ni cha mwaka 1862, lakini bastola ya Colt Navy ya Clint Eastwood imebadilishwa itumie risasi za maganda. Colt isingeweza kuuza bastola ya aina hiyo wakati huo: hataza ya Rollin White, iliyoshikiliwa na Smith & Wesson, ilizuia hadi 1869. Katika Stagecoach (1939), John Wayne anabeba Winchester ya 1892 akiwakimbia wapiganaji wa Geronimo, kiongozi wa Waapache aliyejisalimisha 1886.